Mkataba Bila Makubaliano Haujengi

Anayepita leo katika viunga vya Nairobi na Mombasa, au hata katika nyika za kaskazini ambako kwa miaka mingi njia kuu ilikuwa ya ngamia, hakosi kukutana na ua wa mabati na ubao mkubwa mbele yake. Ubao huo hutaja mwenye mradi, msanifu wa majengo, mhandisi na mkandarasi. Ndani ya ua, kampuni fulani ya kimataifa inajengewa kiwanda, ghala, ofisi au mitambo ya umeme. Aghalabu maandishi ya ubao ni ya Kiingereza, na pengine yana mstari mmoja wa Kichina. Vibarua wanaoingia langoni alfajiri huzungumza Kiswahili, Kikamba, Kiluo au Kisamburu. Hakuna anayeona ajabu, kwa kuwa tumekwisha kuzoea.

Makala haya yanakusudia kuuliza iwapo mazoea hayo ni ya bure. Nathubutu kusema kwamba si ya bure. Yana gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa fedha, kwa ardhi, na mara nyingine kwa viungo na uhai wa watu. Maneno haya nawaelekezea hasa walimu na wanafunzi, maana miongoni mwa wanaoketi madarasani leo wamo watakaosimamia miradi hiyo kesho, na wamo watakaobeba mawe yake.

Taaluma ya usimamizi hutufundisha kwamba msimamizi wa mradi wa ujenzi ni mlinzi wa mambo matatu: muda, fedha na ubora. Jengo likamilike kwa tarehe iliyowekwa, kwa bajeti iliyopitishwa, na kwa kiwango kilichoagizwa. Hilo ni kweli. Hata hivyo, tukiitazama kazi yake ya kila siku tutaona kuwa sehemu kubwa ni maneno. Msimamizi hapigi lipu wala hapindi chuma. Huandika barua, huitisha mikutano, hupokea ripoti na kutoa maagizo. Bodi ya kampuni ikikutana London, Copenhagen au Beijing huamua kwamba kiwanda kijengwe. Uamuzi huo huenda kwa wakopeshaji, kwa wahandisi washauri, kwa mkandarasi mkuu, kwa wakandarasi wadogo, kwa mnyapara, hadi umfikie kibarua aliyeshika beleshi. Katika pete nyingi za mnyororo huo lugha hubadilika, na pale inapobadilika ndipo maana inapoweza kudondoka bila ya yeyote kusikia kishindo chake.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja: mkataba na makubaliano. Mkataba ni ndugu wa kitabu, katibu na maktaba. Yote yametokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuandika. Mkataba, basi, kwa asili yake ni jambo lililoandikwa. Ama makubaliano, ingawa nalo lina shina la Kiarabu, limevikwa kiambishi cha Kibantu, yaani -ana, kile tunachokipata katika kupendana, kusaidiana na kupigana. Kiambishi hiki hudai watu wawili au zaidi, kila mmoja akimtendea mwenzake. Tena neno lenyewe halina umoja: hatusemi kubaliano. Mtu mmoja aweza kuandika mkataba usiku, peke yake, kwa taa ya mezani. Makubaliano hayawezi kuwa ya mtu mmoja.

Hoja yangu yote imo humo. Miradi mikubwa ya ujenzi inayofanywa nchini kwa ajili ya kampuni za kimataifa ina mikataba tele, mingine mizito kuliko matofali. Inachopungukiwa ni makubaliano.

Tuchukue mfano unaojulikana, ule wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit. Wenye mradi ni kampuni iliyowakusanya wawekezaji wengi wao wakiwa wa Ulaya, na mitambo yake ilitoka Vestas ya Denmark. Ujenzi ulianza mwaka wa 2014. Ilihitajika mitambo 365, kila mmoja wenye uwezo wa kilowati 850, ili kupata jumla ya takriban megawati 310. Vipande vyake vilishushwa katika bandari ya Mombasa, vikapakiwa kwenye malori na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000. Ili malori hayo yafike, ilibidi barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis itengenezwe upya. Tukiipima kwa muda, fedha na ubora, kazi hiyo yastahili sifa. Kufikia mwaka wa 2017 mitambo yote ilikuwa imesimama.

Ilisimama, naam, kwa maana zote mbili za kitenzi hicho. Ilisimama wima, na ilisimama bila kazi. Laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 400, ambayo ingeutoa umeme Loiyangalani na kuufikisha Suswa, haikuwa tayari. Laini hiyo ilikuwa chini ya mkataba mwingine, wa shirika la serikali, na mkandarasi wake, Isolux ya Uhispania, alifilisika. Akatafutwa mkandarasi mwingine, na nyaya zikawashwa Septemba mwaka wa 2018. Wakati huo wote mkataba wa kuuza umeme ulikuwa umeuweka mzigo wa kuchelewa kwa nyaya mabegani mwa serikali, nayo ikajikuta ikidaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumulika hata nyumba moja.

Sidai kwamba Isolux ilifilisika kwa sababu ya lugha. Fedha zina magonjwa yake. Ninachouliza ni hiki: Je, mlipa kodi wa Kenya ambaye hatimaye ndiye aliyetwikwa mzigo huo aliwahi kuelezwa, kwa lugha anayoisikia, kwamba serikali yake imeahidi kulipia umeme hata kama nyaya hazipo? Mkataba ulikuwapo, na ulitiwa saini. Waliolipa si waliosoma.

Kuna na suala la ardhi. Mradi ulipewa takriban ekari 150,000, ingawa mitambo yenyewe ilihitaji sehemu tu ya eneo hilo. Ni malisho ya Warendille, Wasamburu, Waturkana, na jirani zao. Mwaka wa 2014 baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani wakidai kwamba ardhi ya jamii ilitolewa bila wao kushauriwa. Mnamo Oktoba mwaka wa 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria na utaratibu, ikatoa muda wa mwaka mmoja ili kasoro zirekebishwe. Uamuzi huo ulitolewa zaidi ya miaka miwili baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuuzindua rasmi mradi huo Julai mwaka wa 2019. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nani angeitazama mitambo ile ikizunguka jua likizama ziwani akadhani kwamba msingi wake wa kisheria una ufa?

Wasemao kwamba haya ni mambo madogo ambayo hayazuii maendeleo na waende Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua. Huko nako palikusudiwa kujengwa mitambo ya upepo ya takriban megawati 60, kwa mtaji wa kimataifa. Wakazi wakateta juu ya ardhi na fidia, hofu za afya zikaenea kutoka boma hadi boma, maandamano yakazuka. Mwaka wa 2016 mradi ukafutwa. Fedha zilikuwapo, wataalamu walikuwapo na upepo ulikuwapo. Uvumi ulienea kwa lugha ya wenyeji kwa kasi ambayo taarifa za kitaalamu hazingeweza kuipata, nao uvumi hauhitaji mkalimani.

Hapa mwanaisimu ana neno la kusema. Katika ripoti za miradi hii twasoma mara kwa mara kwamba jamii ilishauriwa. Kushauri ni kutoa shauri kwa mtu. Kushauriana ni kupeana mashauri. Mkutano ambao mgeni anasimama kwa saa mbili akionyesha picha, kisha chifu anashukuru na soda zinagawanywa, ni mkutano wa kuarifu. Hauna -ana ndani yake. Tena yapo maneno yanayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kukodi na kukodisha ni vitenzi viwili vyenye maana mbili: mmoja hutwaa na mwingine hutoa. Katika mazungumzo ya kila siku watu wengi huyachanganya bila madhara. Lakini katika mkataba wa ardhi wa miaka 33 au 99, mzee wa mifugo akidhani kwamba amewaruhusu wageni kupita, kumbe karatasi inasema kwamba amewapa umilikaji hadi wajukuu wake wazeeke, mchanganyiko huo si kosa la sarufi tena. Ni dhuluma.

Tuingie sasa ndani ya ua wa mabati, maana huko nako lugha ina kazi. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na kampuni moja ya kigeni, ambayo sitaitaja, nipitie tafsiri ya kitabu cha maagizo ya usalama kwa ajili ya vibarua wake. Nilikuta sentensi hii: "Mkanda wa usalama huvaliwa na wafanyakazi wote mahali pa juu." Kisarufi haina ila. Lakini kiambishi hu- huonyesha mazoea. Hueleza yatendekayo kwa kawaida, kama vile jua huchomoza mashariki. Hakimwamuru mtu. Kibarua aliye ghorofa ya tano, mwenye haraka, asomapo maneno hayo hapati amri wala katazo, anapata habari. Alichostahili kuambiwa ni hiki: "Usipande kabla ya kufunga mkanda." Maneno matano, naye kila neno analielewa. Nilipouliza kwa nini tafsiri haikutengenezwa kabla ya msingi kuchimbwa, hali jengo lilikuwa limekwisha kufika ghorofa ya tatu, nilijibiwa kwamba kazi ya tafsiri haikuwamo katika bajeti.

Jibu hilo lanifanya nirudi kwenye yale mambo matatu ya msimamizi. Saruji imo katika bajeti, na kokoto imo. Kofia ngumu na viatu vya chuma vimo. Maneno yatakayomwambia mtu lini avae kofia hiyo hayamo. Ilhali sheria yetu ya usalama na afya kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri atoe habari, maagizo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili mfanyakazi awe salama. Agizo lisiloeleweka halijatolewa. Ni sawa na kumpa mtu dawa ndani ya chupa isiyofunguka.

Yamkini msomaji atauliza: Je, kampuni yenye wenyehisa wa mataifa kumi itawezaje kuendesha mradi kwa lugha zote hizo? Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Mradi wa kimataifa unahitaji lugha moja ya kurejelea pindi mgogoro unapozuka, ili mwamuzi asipewe maandishi mawili yanayopingana. Lakini hebu tuitazame mikataba yenyewe. Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, lenye makao Geneva, hutoa vielelezo vya mikataba ya ujenzi vinavyotumika duniani kote. Vielelezo hivyo hutofautisha lugha itakayotawala tafsiri ya mkataba na lugha ya mawasiliano ya kazi. Hutaka pia pawe na wasimamizi wa kutosha wenye ujuzi wa lugha hiyo ya mawasiliano. Kwa hiyo mlango uko wazi. Hakuna kinachozuia mkataba kusomeka kwa Kiingereza mbele ya waamuzi, na hapo hapo ukataja kwamba lugha ya kazi ndani ya ua ni Kiswahili. Kinachotuzuia ni kwamba hatujaomba.

Wapo pia wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa ujenzi. Dai hili hunishangaza kila nilisikiapo. Waliojenga Gedi na Lamu kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko hawakujenga wakiwa mabubu. Fundi wetu ana timazi ya kupimia wima wa ukuta, ana pimamaji ya kupimia usawa, ana mwiko, ana jukwaa, anajua msingi, nguzo, linta na dari. Yale mapya ameyakaribisha bila ya kungoja idhini ya chuo kikuu: kreni, jenereta, transfoma, konkriti. Msamiati upo kwenye vinywa vya mafundi. Haupo kwenye nyaraka za wahandisi, na kosa hilo si la lugha.

Wala tusiwatupie wageni lawama zote. Mhandisi aliyezaliwa Kakamega au Machakos, aliyesomea Nairobi, humwita fundi aliyezaliwa kijiji jirani na kwake akamweleza michoro kwa Kiingereza, ili waliopo wajue kwamba yeye ni mhandisi. Ofisa wa ardhi hutia saini hati ambayo hakuwaeleza wenye ardhi. Mzee wa kijiji hukubali kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza. Mgeni akikuta sisi wenyewe hatuambiani, atawezaje yeye kutuambia?

Sheria, kwa bahati nzuri, hazikutusahau. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka wa 2003 zilimtaka mwenye mradi atangaze kusudio lake redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, afanye mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathiriwa, na ahakikishe kwamba maoni yao, yawe ya mdomo au ya maandishi, yamenakiliwa pamoja na tafsiri zake. Aliyeziandika kanuni hizo alijua kwamba mtu akizungumza kwa lugha yake husema asiloweza kulisema kwa lugha ya kuazima. Tatizo ni kwamba mikutano mitatu huhesabiwa kama magunia ya saruji: yakitimia matatu, kazi imekwisha. Hakuna anayekagua kama ndani ya magunia kuna saruji au mchanga.

Napendekeza, basi, mambo manne. Kwanza, kila mkataba wa ujenzi wa kampuni ya kimataifa nchini utaje Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya kazi, na mahali ambapo Kiswahili hakijafika vyema, lugha ya wenyeji itumike kando yake. Pili, gharama za ukalimani na tafsiri ziingizwe katika bajeti tangu siku ya kwanza, kwenye ukurasa ule ule wa saruji na chuma. Tatu, hati yoyote ya ardhi au fidia isomwe hadharani kwa lugha ya wanaoguswa, kisha wao wenyewe waieleze kwa maneno yao kabla ya kutia dole gumba. Anayeweza kulieleza jambo ndiye aliyelielewa. Kutikisa kichwa si ushahidi.

La nne latuhusu sisi wa ubaoni na vitabuni. Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi aweza kumaliza miaka mitano chuoni bila ya kuulizwa hata mara moja namna atakavyomweleza mwashi kuhusu ufa uliotokea ukutani. Na mwanafunzi wa Kiswahili aweza kufuzu kwa alama za juu, akijua arudhi na historia ya tenzi, asijue timazi ni nini. Wote wawili tumewapa nusu ya elimu. Mwalimu wa shule ya upili aweza kuanza kesho asubuhi. Awatume wanafunzi wake kwenye jengo lililo karibu na shule, wakae nje ya ua kwa usalama wao, wazungumze na mafundi wakati wa chai, wakusanye majina ya zana na ya kazi, kisha warudi darasani waandike maagizo kumi ya usalama ambayo kibarua angeyaelewa akiyasikia mara moja. Zoezi hilo litawafunza hali ya kuamuru, uambishaji na tafsiri kuliko kurasa nyingi za maelezo. Huenda pia likawaonyesha kwamba fundi ni mwalimu.

Kampuni za kimataifa zitazidi kuja, na si vibaya zije. Tunahitaji viwanda, tunahitaji umeme, na vijana wetu wanahitaji kazi. Wanaposimamia ujenzi wao hupima kila kitu: uzito wa chuma, maji ya mchanganyiko, siku za mvua. Na wapime hili pia: ni wangapi kati ya wanaoguswa na jengo hili wanaoweza kueleza, kwa maneno yao wenyewe, kilichoandikwa juu yao? Ikiwa hesabu hiyo ni ndogo, basi walichonacho mkononi ni mkataba tu. Ukuta wa namna hiyo waweza kusimama hata miaka kumi. Lakini siku timazi itakapotundikwa, iwe mahakamani au mbele ya maiti ya kibarua, utaonekana umepinda tangu jiwe la kwanza.